Dola 220,000 za shule ya meno: dada mmoja alivyoligawa deni lake kati ya NHSC na PSLF

Kisa hiki ni cha dada mmoja Mtanzania, daktari wa meno, yuko kwenye kliniki ya jamii katika jimbo moja la katikati ya Marekani, na programu mbili za serikali ya kule: NHSC inayokulipia deni la shule, na PSLF inayolifuta. Kaniruhusu nikiandike maana wadogo zake kwenye fani wanamuuliza maswali yaleyale kila wiki na amechoka kurudia. Nimebadilisha vitu viwili vitatu asijulikane, namba nimezirahisisha kidogo, ila mwendo wa hesabu ndo huohuo. Mi sio mwanasheria, kazi yangu ni kuwajazia watu wetu kodi kila msimu, na kwenye fomu za kodi ndo unaona maisha ya mtu yalivyo, hata yale asiyomwambia mkewe.

Huyu dada alisoma udaktari wa meno Muhimbili, miaka 5, akapiga intern, akafanya kazi kidogo Dar, alafu bahati nasibu ya grinkadi ikamwangukia. Kafika Marekani mwanzoni mwa 2017 na grinkadi mkononi. Wengi nyumbani hawajui kwamba cheti cha meno cha nje Marekani peke yake hakikupi leseni sehemu nyingi, inabidi urudi shule iliyothibitishwa na bodi yao, kuna njia fupi ya miaka miwili au zaidi kidogo kwa madaktari waliosomea nje, na ufupi wake ni wa muda tu, ada ni moto uleule. Kwa miaka mitatu akawa msaidizi kwenye ofisi ya daktari mwingine, anashika kifaa cha kunyonya mate wakati mwenzake anaziba jino ambalo yeye angeliziba akiwa amefumba macho. 2020 akapata nafasi shuleni, 2022 akamaliza.

Sasa deni. Wastani wa deni la mhitimu wa meno Marekani aliyekopa unacheza karibu na dola 300,000, kwaiyo yeye kutoka na 220,000 wengine walimwona ana bahati. Ila deni lake halikuwa moja, na hapo ndo kisa chote kilipo. Vipande vilikuwa viwili.

Kipande cha kwanza ni mkopo wa serikali kuu, dola 156,000. Mwenye grinkadi anaruhusiwa kukopa huu mkopo, hahitaji uraia. Alichukua ule wa kawaida wa wanafunzi wa juu, na mwaka wa pili akaongeza ule wa Grad PLUS, unaofidia gharama ambazo ule wa kawaida haufiki.

Kipande cha pili ni benki ya binafsi, dola 52,000 alizokopa 2020 kwa riba ya asilimia 10. Kwa nini benki wakati serikali ipo? Kwa sababu mwaka wa kwanza Grad PLUS walimkatalia. Wanaangalia historia yako ya madeni, na ukiwa na madeni yanayozidi dola 2,085 yaliyochelewa siku 90 au yaliyopelekwa kwa wakusanya madeni, jibu ni hapana. Yeye alikuwa na bili ya hospitali ya kujifungua mtoto wa kwanza, bima ikakataa sehemu, barua zikawa zinaenda kwenye anwani ya zamani, kuja kushtuka bili iko kwa wakusanya madeni. Bili ya uzazi ya dola elfu tatu na kidogo ikamsukuma benki, na binamu yake wa Texas akasaini kama mdhamini. Alipomaliza shule ile 52,000 ilishakuwa 64,000 na hajagusa hata senti, maana riba ilikuwa inatembea muda wote yuko darasani.

Huku mkopo wa serikali ulikuwa umelala. Kuanzia Machi 2020 mpaka mwisho wa Agosti 2023 riba ya mikopo ya serikali iliwekwa sifuri kwa sababu ya korona, na yeye alikopa yote ndani ya kipindi hicho. Mikopo miwili, mtu mmoja, shule moja, mmoja umenenepa kwa elfu 12 na mwingine haujaongezeka hata shilingi. Shika hiyo picha maana tutaihitaji.

Alipomaliza alikuwa na ofa tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa kampuni kubwa ya biashara yenye ofisi za meno kila kona ya mji. Walimwambia 190,000 kwa mwaka, ila ukisoma mkataba hiyo 190,000 ni makadirio ya asilimia ya kazi utakayozalisha, yaani ukiweka taji nyingi, zile kofia za kufunika jino, unapata nyingi, na malipo ya uhakika kwa siku yanadumu miezi ya mwanzo tu. Ya pili kliniki ya jamii, mshahara 155,000. Ya tatu nayo ilikuwa kliniki ya jamii na ilitaka kumlipa zaidi kidogo, 162,000, na hii nusura aichukue.

Sasa sikiliza hii ya tatu. Jengo lina bango la shirika lisilo la faida, wagonjwa ni walewale wa kipato cha chini, kila kitu kinaonekana safi. Ila mkataba ulisema atakayemwajiri daktari ni kampuni ya usimamizi, kliniki inanunua tu huduma kwao. Na PSLF, ambayo ni programu ya kufuta deni la wafanyakazi wa umma iliyopitishwa na sheria ya 2007, haiangalii unatibia jengo gani, inaangalia nani anakulipa. Akaomba wamwonyeshe namba ya mwajiri itakayoandikwa kwenye W-2 yake, yaani fomu ya mshahara wa mwaka anayokupa mwajiri kwa ajili ya kodi, ile namba ya kwenye kasanduku b, akaiingiza kwenye tovuti ya serikali ya kutafuta waajiri, ikatoka kampuni ya faida, haistahili. Akaachana nao. Mi nimeshaona W-2 ya mtu aliyekaa miaka minne sehemu akiamini anahesabiwa, kasanduku b kanasema mwingine kabisa, na ile miaka hairudi.

(Kuna majimbo kama California na Texas ambako sheria zinazuia hospitali kumwajiri daktari moja kwa moja, na kanuni za Julai 2023 ziliwafungulia mlango baadhi yao. Kama uko huko soma vizuri, yeye hakuwa huko.)

Kwaiyo akachukua ya pili, akaanza Septemba 2022.

PSLF kwa wasioijua iko hivi. Unafanya kazi saa 30 au zaidi kwa wiki kwa mwajiri wa serikali au shirika lisilo la faida la aina inayotambuliwa, una mkopo wa moja kwa moja wa serikali kuu, uko kwenye mpango wa kulipa kulingana na kipato, unalipa mara 120, si lazima mfululizo, kinachobaki kinafutwa na serikali kuu haikitozi kodi. Walioiomba mwanzoni, 2017 na 2018, karibu wote walikataliwa, asilimia 99, na ndo maana mpaka leo kuna wajomba wanakwambia hiyo kitu ni utapeli. Ila baada ya marekebisho, mpaka mwanzoni mwa 2025 zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wameshafutiwa. Inalipa. Ni karatasi zake tu ndo hazina huruma.

Kitu kimoja alichofanya ambacho wengi hawakifanyi: hakusubiri ile miezi 6 ya mapumziko baada ya kumaliza shule. Agosti 2022 aliunganisha mikopo yake yote ya serikali kuwa mmoja, na kuunganisha kunakatisha mapumziko, unaingia kwenye ulipaji papo hapo. Riba ikatoka wastani wa asilimia 5 na nusu. Mtu atasema we kichaa, unakimbilia kulipa? Alikuwa analipa nini wakati malipo yamesimamishwa na serikali? Sifuri. Na ile miezi ya sifuri ilihesabiwa kama malipo kamili ya PSLF ilimradi uko kazini kwa mwajiri anayestahili. Kuanzia Septemba 2022 mpaka Septemba 2023 akapata miezi 13 bila kutoa hela.

Alafu malipo yaliporudi Oktoba 2023 akaingia mpango wa SAVE, mmoja wa ile mipango ya kulipa kulingana na kipato, na SAVE ikaangalia kodi ya 2022, mwaka ambao alifanya kazi miezi minne tu. Kwenye karatasi alionekana mtu wa kipato cha chini mwenye watoto wawili, malipo yakatoka sifuri tena. Hakudanganya mtu, ndo sheria ilivyokuwa. Mpaka Julai 2024 alikuwa na miezi 23 mfukoni.

Ila benki, benki haikujua korona wala watoto. Dola 688 kila mwezi, miaka 15.

Sasa tuje kwenye NHSC, hapa ndo watu wanapigana na meza. Hii ni programu ya serikali kuu chini ya HRSA, shirika la afya la serikali hiyo, inakulipia madeni ya shule ukikubali kutumikia kwenye eneo lenye upungufu wa watoa huduma. Kwa meno maeneo yanapewa alama kuanzia 0 mpaka 26, alama ikiwa juu ndo unatangulia kwenye foleni, na kliniki za jamii zinazopewa ruzuku ya serikali kuu zinaingia moja kwa moja. Madaktari wa huduma za msingi 2024 walipandishiwa mpaka 75,000 kwa miaka miwili, wa meno wakaachwa palepale kwenye 50,000. Haikatwi kodi ya serikali kuu. Wakaweka na nyongeza ya mpaka 5,000 kwa anayejua Kihispania. Huyu dada kwa siku anaweza kupokea familia tatu za Wakongo wanaoongea Kiswahili, anamweleza mama kwa Kiswahili kwa nini meno manne ya mbele ya mtoto wa miaka minne yameoza kwa sababu ya chupa ya maziwa yenye sukari anayolala nayo, mkalimani wa simu hahitajiki, dakika ishirini zinaokolewa, na Kiswahili hakina hata senti ya nyongeza. Basi tu.

NHSC lakini ina sharti ambalo PSLF haina, nalo ni uraia. Grinkadi haitoshi, lazima uwe raia wa Marekani. Na hapa Mtanzania na Mkenya wanaachana njia. Mkenya tangu katiba ya 2010 anaapa Marekani na pasi ya Kenya anabaki nayo, Mganda naye ana utaratibu wake. Sisi sheria yetu ya uraia ya 1995 haimtambui mtu mzima mwenye uraia wa nchi mbili, ukiapa kwa hiari kule umeutoa wa huku. Mkongo naye yuko na sisi kwenye hili.

Kwaiyo swali lake halikuwa tu je niombe NHSC. Swali lilikuwa je dola 50,000 zinatosha kuuacha uraia wa Tanzania. Alikaa nalo muda mrefu, kisheria angeweza kuomba tangu mwanzoni mwa 2022 akaacha dirisha likae wazi zaidi ya mwaka. Alikuwa na kiwanja Kibaha kwa jina lake, na wakati ule asiye raia alikuwa hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Baba yake mzee hakutaka kusikia. Mama akasema mwanangu we si unarudi kila Desemba, utarudi kwa viza, kuna ubaya gani. Serikali imekuwa ikileta hili la hadhi maalum kwa diaspora, ila wakati ule yeye anaamua lilikuwa maneno. Mwisho kiwanja kikahamishiwa kwa mama, na akaapa katikati ya 2023. Ninavyomjua, hakuapa kwa sababu ya NHSC peke yake, mume alishaapa na watoto wamezaliwa huko, lakini NHSC ndo ilimfanya afanye mwaka ule badala ya mwaka wowote.

Dirisha la maombi la 2024 lilipofunguliwa akaomba. Karatasi wanazotaka zinachosha: taarifa ya kila mkopo inayoonyesha salio na jina lako, na nyingine inayoonyesha mkopo ulitolewa lini, kiasi gani na kwa ajili ya shule. Kwa mkopo wa serikali unapakua onlaini dakika mbili. Kwa benki ilibidi atafute mkataba wa awali wa 2020, ule wenye saini ya binamu, benki wenyewe wakawa wanamtumia taarifa za mwezi tu, mpaka binamu akaukuta kwenye barua pepe zake za zamani. Weka hizi karatasi jamani, weka hata kwenye WhatsApp ya mama.

Mwishoni mwa Septemba 2024 jibu likaja, amepata. 50,000 kwa miaka miwili, saa 40 kwa wiki, wiki 45 kwa mwaka.

Na hapa ndo alinipigia simu. Furaha tupu, anasema kaka nazitupa zote kwenye lile kubwa la serikali, litashuka kutoka 156 mpaka 106, nitapumua. Nikamwambia subiri kwanza, kaa chini tupige hesabu.

Mkopo wa serikali kwenye mpango wa kipato haujali una deni kiasi gani, unajali unaingiza kiasi gani. Tukachukua IBR, mpango uliobaki imara baada ya SAVE kuanguka mahakamani. Kwa aliyeanza kukopa baada ya Julai 2014 ni asilimia 10 ya kipato kinachozidi mara moja na nusu ya mstari wa umaskini. Mshahara 155,000, anaweka kwenye akaunti ya kustaafu ya kazini mpaka kikomo, kilikuwa 23,000 kwa 2024, bima ikikatwa kinabaki kama 130,000. Familia ya watu watatu, yeye na watoto wawili, maana wanawasilisha kodi mbalimbali na mumewe. Inatoka kama 750 kwa mwezi. Ukiwa na deni la 156,000 ni 750. Ukiwa na deni la 106,000 ni 750 ileile.

Mwisho wa mara 120, akiwa hajapunguza, serikali ingemfutia kitu karibu na 150,000, kwa sababu 750 inafunika riba ya mwezi ambayo ni kama 715 na kubakiza chenji. Akiwa amezitupa zile 50,000 pale, angefutiwa kama 79,000. Hela aliyotoa mfukoni ni ileile kwenye njia zote mbili. Yaani angechukua hela ya NHSC, aliyoiapia uraia na kuifungia miaka miwili, akaipa serikali ili serikali imsamehe pungufu. Ni kama kulipa nauli ya basi ambalo kondakta ameshasema upande bure.

Benki je? Salio lilikuwa 60,000 kwa riba ya 10, amebakiza miezi 156 ya 688, jumla 107,000 na kidogo. Benki haina PSLF, haifuti, haipunguzi kwa kuwa umezaa. Ukiweka 50,000 pale linabaki 10,000, na akiendelea na 688 zilezile na kuongeza kidogo anamaliza ndani ya mwaka na miezi kadhaa. Hela anayookoa ni kama 96,000. Na binamu anatoka kwenye udhamini, kitu ambacho kwenye sherehe za familia kina thamani yake.

Kimya kidogo kwenye simu, alafu akasema kwaiyo lile kubwa tusiliguse kabisa? Kabisa. Ni ngumu kulikubali, sisi tumelelewa kwamba deni kubwa ndo unaanza nalo uondoe aibu. NHSC wanakubali mikopo ya benki ilimradi ni ya shule na uliiorodhesha kwenye maombi, na yeye aliiorodhesha yote miwili. Ikaenda benki yote. Mwisho wa 2025 benki ikawa sifuri.

Hilo la kuwasilisha kodi mbalimbali nalirudia maana naulizwa sana. Mume ni nesi, anaingiza kama 85,000. Wakiwasilisha pamoja IBR inahesabu kipato cha wote wawili, malipo yanapanda mpaka kama 1,390. Mbalimbali wanapoteza nafuu fulani, ile ya gharama za kulea watoto kwa mfano, na kodi inapanda kama 2,000 kwa mwaka, ila wanaokoa zaidi ya 7,600 kwenye mkopo. Mwenye macho haambiwi tazama. Na usije ukaandika mama aliyeko Mbeya kwenye ukubwa wa familia kwa sababu unamtumia hela kila mwezi, fomu inataka mtu anayeishi na wewe. Najua inauma. Hela ya Western Union haina kasanduku.

Sasa tuwe wakweli kuhusu ile ofa ya 190,000. Tofauti ni 35,000 kwa mwaka, ukikata kodi inabaki kama 22,000 mkononi, kwa miaka 10 ni 220,000. Upande wa kliniki, ule mkopo wa serikali kuulipa wote kwa miaka 10 kungegharimu kama 203,000, kwa njia ya PSLF atatoa kama 80,000, hapo kuna 120,000 na ushee, ongeza zile 96,000 za benki, inakuja kama 216,000. Karibu sare. Kwaiyo anayekwambia kliniki ya jamii ni utajiri uliofichwa anakuuzia mbuzi kwenye gunia, na anayekwambia ni ujinga naye hajapiga hesabu. Tofauti ikiwa 60,000 au 70,000 kwa mwaka, na una nidhamu ya kulipa, biashara inashinda kwa hela. Deni lako likiwa 400,000, PSLF inashinda kwa mbali bila kuangalia nyuma. Kwake ilikuwa pasu kwa pasu na alichagua kwa sababu nyingine: 155,000 ni ya uhakika wakati 190,000 ilikuwa ya kubahatisha, kesi za uzembe wa kitabibu madaktari wa kliniki hizi wanalindwa na serikali kuu yenyewe, na hakutaka kumwambia mgonjwa mwenye jino la kuziba kwamba anahitaji taji ili yeye afikishe lengo la mwezi.

Kliniki ya jamii nayo sio peponi. Kliniki inalipwa kwa kila ziara ya mgonjwa wa bima ya serikali, kwaiyo presha ya idadi ipo, kiti hakipoi. Wengi wanakuja jino limeshafika mwisho, asubuhi nzima unang'oa tu, na ile kazi nzuri ya kuokoa mzizi wa gego uliyoisomea kwa hela nyingi unaipeleka kwingine kwa rufaa kwa sababu mgonjwa hana wa kuilipia. Anasema mikono yake inasahau baadhi ya vitu. Hilo halimo kwenye hesabu yoyote.

Na mkataba wa NHSC una meno yake. Ukiuvunja unarudisha hela ya miezi ambayo hujatumikia, unaongeza 7,500 kwa kila mwezi uliobaki, pamoja na riba, na haishuki chini ya 31,000. Bosi akikuudhi huondoki tu, unaomba kwanza kuhamia sehemu nyingine iliyoidhinishwa. Alipata mtoto wa tatu ndani ya mkataba, likizo ya uzazi haikuuvunja ila tarehe ya mwisho ikasogezwa mbele. PSLF haina kitu kama hicho, ukiondoka umeondoka, miezi yako inakungoja. Kwa hiyo mtu ambaye bado hamwamini bosi wake wa kliniki ningemwambia akae miezi sita hata mwaka ndo aombe NHSC. Yeye alikuwa na miaka miwili pale kabla ya kusaini.

Pigo lake kubwa lilikuwa SAVE. Mahakama ziliposimamisha ule mpango katikati ya 2024, wote waliokuwa ndani wakawekwa pembeni, huombwi malipo lakini na miezi haihesabiki. Akaomba kuhamia IBR, foleni ikawa ndefu, Februari 2025 fomu yenyewe ikaondolewa mtandaoni wiki kadhaa, ikarudi Machi. Kuja kukubaliwa ni Septemba 2025. Miezi 13 hewani. Kuna utaratibu wa kuinunua ile miezi, unalipa ambacho ungelipa, lakini unaomba ukishatimiza miaka 10 ya kazi, sio sasa. Akifanikiwa kuinunua anamaliza Agosti 2032, asipofanikiwa ni Septemba 2033. Kwa hesabu zetu inaweza kumtoka kama 9,750 kwa mkupuo, tumefungua akaunti ya akiba na ile 688 ya benki sasa inaenda huko.

Kwa anayeingia shule sasa mambo yamebadilika na ndo maana nimeandika kirefu hivi. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inaiondoa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa fani kama meno una kikomo cha 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Shule nyingi za meno zinazidi hapo, kwaiyo kile kipande cha benki ambacho kwake kilitokea kwa ajali ya bili ya uzazi, kwa wadogo zake kitakuwa kawaida. Ukijua unaelekea kliniki ya jamii, benki ndo uiwekee NHSC, serikali uiachie PSLF. Na hawa wadogo watakuwa kwenye mpango mpya wa RAP, ambao ukizidi kipato cha 100,000 unakata asilimia 10 ya kipato chote, haukuachii ule mstari wa umaskini, unapunguza dola 50 tu kwa mwezi kwa kila mtoto. Tulimpigia nao kwa watoto wawili wa wakati ule, ikatoka 983 dhidi ya 750 ya IBR, tukaufunga. Kuna pia kanuni mpya inayoanza Julai 2026 inayompa waziri wa elimu nafasi ya kumwondoa mwajiri kwenye PSLF akionekana ana malengo yasiyo halali, na kliniki zinazohudumia wahamiaji zinaifuatilia kwa jicho la karibu. Ndo maana siku hizi tunatuma fomu ya kuthibitisha mwajiri kila mwaka bila kukosa badala ya kungoja mwisho.

Mkataba wake wa NHSC ukiisha ataulizwa kama anataka kuongeza mwaka kwa kiasi kidogo zaidi. Zamani ningesema chukua, hela ni hela. Lakini benki imeisha, kwaiyo hiyo hela itaenda kwenye mkopo wa serikali ambao unasubiri kufutwa, na yeye atakuwa amejifunga tena kwa 7,500 kwa mwezi bila kupata kitu. Amewaandikia kliniki kwamba anabaki, NHSC hataongeza. HR wamesaini fomu ya PSLF ya mwaka huu wiki iliyopita, namba ya kasanduku b imelingana.